Daftari la Bao

Mwaka juzi, mwezi wa Januari, niliandika katika daftari dogo kwamba kabla ya Desemba nitakuwa nimemfunga katika mchezo wa bao mzee mmoja, fundi cherehani aliyestaafu, ambaye hucheza kila alasiri chini ya mwembe ulio jirani na nyumbani kwetu Magomeni. Lengo hilo lilikaa katikati ya mengine, baina ya kusoma vitabu 24 na kupunguza kilo sita, kwa kuwa wakati huo sikuwa na jambo nililolifanya bila kulipangia tarehe ya kulimaliza.

Kwa wasiolijua bao la Kiswahili, ubao wake una mashimo 32 yaliyopangwa safu nne, kila safu mashimo manane, na kete zake ni 64, ambazo kwetu ni mbegu za komwe zilizong'aa kwa kushikwa. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita kati yake zikiwa ndani ya nyumba, yaani shimo maalumu la safu yake ya mbele, na nyingine 22 hubaki mkononi ili aziingize moja moja katika hatua ya kunamua. Zikimwisha mkononi ndipo hatua ya pili, iitwayo mtaji, inapoanza, na anayeachwa na safu ya mbele tupu amefungwa. Kanuni hizo zaweza kuelezwa kabla kikombe cha kahawa hakijapoa. Kuzicheza ni jambo jingine, kwa sababu kete unazozila hurudi kusambazwa katika mashimo yako mwenyewe, na kila ya mwisho ikiangukia penye kete mwendo huendelea, hata mpango uliouandaa kwa uangalifu unaweza kugeuka sura kabla mkono wako haujatulia.

Mimi sikuutazama mwendo huo. Nilitazama daftari. Kila jioni niliandika tarehe na matokeo, na kufikia Juni kurasa nne zilikuwa na neno moja tu, "nimefungwa", nililolirudia kwa mwandiko uliozidi kuwa mbaya. Kosa langu kubwa lilikuwa kuitunza nyumba kwa hofu. Niliirundikia kete kama mtu anayeficha akiba chini ya godoro, nikakataa kusafiri nayo, yaani kuzisambaza kete zake, hata pale ambapo safari ingenipa ubao wote, kisha mzee angenamua kete moja mbele yake na kuila nyumba nzima. Yeye nyumba yake aliivunja bila huzuni yoyote, wakati mwingine mapema kupita kiasi, na nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Mwanangu, kete zikikaa hazichezi."

Mwezi wa Oktoba nilimfunga. Haukuwa mchezo mzuri. Alikuwa akizungumza na muuza kashata huku akicheza, akakosea mara mbili katika mtaji, nami nikamaliza safu yake ya mbele. Alinipa mkono na kunipongeza kwa dhati. Nilirudi nyumbani, nikakata mstari juu ya lile lengo, na furaha yake, nasema kweli, haikufika sala ya Isha. Lililonishangaza zaidi ni lililofuata: sikwenda tena mwembeni kwa wiki tatu. Sikuwa na hasira wala shughuli. Sikuwa tu na sababu ya kwenda, kwa kuwa sababu niliyokuwa nayo nilikuwa nimeifuta kwa kalamu.

Nimelifikiria sana jambo hilo, na sitaki kulikuza kuliko lilivyo. Yapo mambo ambayo bila lengo na tarehe hayaendi. Ada ya shule ya watoto haisubiri baba yao aonje utamu wa safari, na mwenye nyumba naye hana subira hiyo. Lakini nilikuwa nimeichukua kanuni ya madeni na kuitumia katika mambo niliyoyaanza kwa mapenzi, na kwa kufanya hivyo kila alasiri chini ya mwembe iligeuka kuwa deni ambalo sijalilipa. Michezo ile yote niliyoiandika "nimefungwa" ilikuwa na mambo ndani yake: siku mzee aliponionyesha kwamba kuanza kusambaza kutoka kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, cha kushoto au cha kulia kunabadili mchezo wote, au siku mvua ilipotukimbiza na watu wanne wakaubeba ubao mlalo, polepole, ili kete zisihame mashimo yake. Daftari halina hata moja kati ya hayo.

Niliporudi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho ubaoni, kisha akasema, "Ulikwenda wapi? Kete zako zimeota vumbi." Nilikaa. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, niliipeleka nyumba safari bila kuhesabu itaniletea nini. Niliachia kete moja moja, nikisikia zinavyogonga mti, nazo zikazunguka upande wangu mara mbili na kula mashimo matatu niliyokuwa sikuyaona kabisa. Waliotuzunguka wakapiga kelele. Mzee akacheka, akavuta kiti karibu na ubao, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akachukua muda mrefu kabla ya kunamua.

Alinifunga, bila shaka. Tulianza mchezo wa pili kabla kahawa haijaletwa.