Siku yangu na punje za zirkoni (na zile namba mlizokariri shuleni)

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Alamu inalia, naizima, inalia tena. Kawaida naanza kazi saa mbili ila leo kuna vichupa vyangu viko kwenye oveni tangu juzi, ndani yake zirkoni, punje ndogo za madini, zinayeyuka kwenye asidi ya haidrofloriki, joto nyuzi 210 hivi, na muda wake umeisha leo, nikichelewa ratiba yote ya mashine inasogea na wanaonifuata kwenye foleni hawatanielewa. Kwa wasiojua kazi yangu, mimi ni mwanajiolojia lakini sitembei na nyundo milimani kama mnavyofikiria, mimi nakaa maabara napima umri wa majivu ya volkano, yale yaliyoangukia baharini mamilioni ya miaka iliyopita yakabaki kama kautepe ka udongo katikati ya miamba. Hayo ndo yanatupa zile namba za umri wa vipindi vya historia ya dunia, yaani Kambria, Triasi, Jurasi na ndugu zao.

Saa moja na nusu. Chumba safi. Ovaroli jeupe, kofia, glavu, viatu vya humo humo. Adui ni risasi, ile metali sio ya bunduki, manake iko kwenye vumbi, kwenye nywele, kwenye jasho, na ile ninayoitafuta mimi kwenye punje moja ni pikogramu chache tu, yaani chukua gramu uigawe mara trilioni ndo upate pikogramu moja. Chembe moja ya vumbi inaweza kunila wiki nzima. Simu haiingii humo kwa hiyo sina picha, nisameheni.

Saa tatu na nusu. Hapa ndo napapenda. Nimekaa kwenye maikroskopu na kasindano, mbele yangu kijisahani chenye punje mamia, kila moja kama sehemu ya kumi ya milimeta, na mimi nachagua moja moja. Nazitaka zile nyembamba ndefu, safi, zenye ncha kali, manake hizo zina uwezekano mkubwa zilikua kwenye magma, yaani mwamba ulioyeyuka, muda mfupi kabla volkano haijalipuka. Zile zilizoviringika kama kokoto za mtoni naziacha, hizo zimesafiri, umri wake ni wa hadithi nyingine. Nikawa nimeshapanga 31 mstari mzuri kabisa, nikapiga chafya.

Zilibaki 12.

Mwanafunzi anayefanya mazoezi kwetu akasema "pole dada" huku amegeukia ukutani, mabega yanacheka. Nikamwambia njoo na wewe ukae, tuanze upya, na tukaanza upya.

Huku tunachagua akaniuliza kwa nini zirkoni, kwa nini tusipime tu hata visukuku vyenyewe, yale mabaki ya viumbe wa kale kwenye mwamba. Nikamwambia zirkoni ina tabia moja nzuri sana, ikiwa inajijenga kwenye magma inakaribisha yureniamu ila risasi karibu yote inaikatalia mlangoni. Kwa hiyo risasi utakayoikuta ndani leo, karibu yote imezaliwa humo humo kutoka kwa yureniamu. Afu saa ziko mbili kwenye punje moja, yureniamu-238 inapungua nusu kila miaka bilioni 4.47 na kuwa risasi-206, yureniamu-235 kila miaka milioni 704 na kuwa risasi-207, zikikubaliana unapumua, zisipokubaliana ujue kuna kitu kimevuja. Kisukuku cha konokono hakikupi hayo.

Akanyamaza kidogo afu akatoa lile swali ambalo najua lilikuwa linamkera tangu wiki iliyopita. Dada, mbona kwenye kitabu changu Kambria inaanza miaka milioni 541 na kwenye chati hapo ukutani ni 538.8? Nani kakosea?

Hakuna aliyekosea. Hapa naomba mnisikilize kidogo manake hata watu wa fani wanachanganya. Mpaka wa kipindi sio namba. Mpaka ni sehemu kwenye mwamba, mahali ukifika unaweza kuweka kidole ukasema ni hapa. Watu wa Tume ya Kimataifa ya Stratigrafia, yaani elimu ya matabaka ya miamba, wanakubaliana sehemu moja tu duniani, wanaiita msumari wa dhahabu, na kuna sehemu kweli wamegongelea bamba la chuma. Wa kwanza ulikubaliwa 1972 huko Klonk, ambako sasa ni Ucheki, kwa ajili ya mwanzo wa kipindi cha Devoni. Wa Kambria uko Fortune Head, Newfoundland, Kanada, umewekwa 1992 mahali palipoonekana kwa mara ya kwanza njia za mdudu fulani aliyekuwa anachimba matopeni, tunaziita Treptichnus pedum. Sasa pale Fortune Head hakuna majivu mazuri ya kupima hapo kwenye mstari wenyewe. Kwa hiyo namba inatafutwa kwingine, kwenye miamba ya rika lile lile yenye majivu, ile 541 ilitegemea zaidi majivu ya Oman, 538.8 ikaja na majivu ya kusini mwa Namibia. Mstari uko Kanada haujasogea hata sentimeta, namba ndo inakuja na kuondoka.

Na kichekesho ni kwamba baadaye zile njia za mdudu zikaonekana pale pale Fortune Head kama mita 4 chini ya msumari. Msumari umebaki palepale. Ukishagonga umegonga, kuuhamisha ni vikao na kura za miaka.

Au chukua Meishan kule China, mwanzo wa Triasi. Mstari unapita katikati ya tabaka moja la chokaa, ambalo lote halifiki futi moja, limegawanywa a, b, c, d na mpaka uko chini ya c, kwa macho huoni kitu chochote kimebadilika hapo, ila ndo anapotokea mara ya kwanza Hindeodus parvus, mnyama wa baharini tunayemjua kwa vijimeno vyake ambavyo bila maikroskopu ni vumbi tu. Majivu yako chini kidogo na juu kidogo, unapima yote mawili afu unakadiria katikati, ndo unapata milioni 251.902.

Tukamaliza na punje 38. Sikupiga chafya tena.

Saa saba mchana. Mapumziko, na mzee wetu wa mashine kaanzisha tena ligi ya Anthroposini. Yeye anaamini walioipendekeza walionewa. Kama hamkufuatilia, kulikuwa na pendekezo kwamba binadamu tumeibadilisha dunia kiasi cha kustahili epoki yetu, yaani kipande chetu cha muda wa dunia, ianze kama 1952, msumari uwe kwenye matope ya ziwa Crawford, Kanada, ambako plutoniamu ya majaribio ya mabomu inaonekana. Machi 2024 likapigwa chini. Mimi nikasema mzee, Holosini, epoki tuliyomo, yenyewe ina miaka 11,700 tu, unataka kuikata kwa miaka sabini? Akasema "binti, muda sio urefu, muda ni kilichotokea." Sikuwa na jibu, nikarudi kazini.

Saa tisa. Nasahihisha ripoti ya mwanafunzi. Kaandika "katika Triasi ya Chini wanyama walianza kurudi". Hapana. Miamba ina chini na juu, muda una mwanzo na mwisho. Kisukuku unakikuta kwenye Triasi ya Chini, mnyama mwenyewe aliishi Triasi ya Mwanzo. Kosa dogo ila likiniingia jichoni halitoki.

Saa kumi na moja jioni. Napakia punje ya kwanza ya zile zilizotoka kwenye oveni, yaani ile risasi iliyotolewa ndani yake, tone ambalo ukihema vibaya limekauka, kwenye utepe mwembamba wa metali ya reniamu. Inaingia kwenye spektromita ya masi, ile mashine inayotenganisha atomi kwa uzito wake, pampu zinavuta hewa, utepe unapashwa moto taratibu mpaka unawaka rangi ya chungwa.

Saa mbili usiku. Namba imekuja, na haijakaa vizuri. Punje hii inasoma zaidi ya miaka milioni moja nyuma ya tabaka la majivu lililo chini yake, yaani mtoto kamzidi mama umri. Nadhani ni ya zamani, magma iliiokota njiani ikapanda nayo. Mwanafunzi ameshachukua penseli anataka kuandika kwenye chati ya ukutani, nikamwambia rudisha penseli. Za oveni zimebaki tano, ya pili inaingia kesho saa mbili asubuhi.