Tangi la nne

Jumapili, baada ya Isha

Ami amelala ukumbini, anakoroma hatua mbili kutoka kwenye tangi. Leo siku ya nane tangu nilijaze maji. Karatasi nilizozitandaza kulizunguka zikavu mpaka sasa. Nimezigusa zote kabla ya kukaa kuandika, na najijua, nitaamka usiku kuzigusa tena.

Hili la nne, tangi la samaki la akriliki, plastiki angavu kama kioo. Matatu ya mwanzo yamekufa.

La kwanza nililiunga kwa silikoni, kama watu wanavyounga tangi la kioo. Kioo silikoni inakishika barabara. Akriliki haiishiki, inailalia tu juu. Siku ya pili, maji yamefika nusu, nikaona ncha imenyanyuka pembeni, nikaivuta kwa ukucha. Ikanifuata yote kutoka juu hadi chini kama ganda la ndizi, na maji nyuma yake. Mama alikuwa anasali chumba cha pili. Alichokisema alipotoa salamu sikiandiki.

Basi ndipo nikajifunza kwamba akriliki haigundishwi, inayeyushwa. Fundi wa mabango kule Mlandege ndiye aliyenionesha. Alikuwa na kichupa cha dawa nyepesi kama maji, dikloromethani, akasimamisha vipande viwili kimoja juu ya kingine na kugusisha ncha ya sindano kwenye mfereji wa baina yao. Dawa ikakimbia yenyewe kati ya vipande, kama chai inavyopanda ndani ya kipande cha mkate. Inayeyusha nyuso zote mbili kidogo, zinaingiana, kisha inaruka hewani, inaacha plastiki tupu. Alinipa niviachanishe. Nikakaza mpaka vidole vikaniuma. Hapo hapakuwa tena na viwili.

Lakini dawa hiyo haina nyama. Pengo la unene wa ukucha haliwezi kuliziba. Kama ukingo wa kipande haukunyooka, au hauko wima kabisa, hakuna tone litakalokuokoa, na hili ndilo lililonipeleka kwa Ami.

Ami, ndugu yake baba, ni fundi wa vyombo vya baharini Nungwi. Tangu niko skuli ya msingi namjua na tezo mkononi, amechutama chini ya mashua ya mtu. Nilipanda gari ya 116 pale Darajani na vipande viwili vya akriliki nimevifunga ndani ya kanga, nikamkuta pwani anatia kalafati, anasukumiza pamba baina ya mbao kwa patasi butu. Akavishika vile vipande, akavigeuza, akanusa.

"Kwani hii inafura?"

Nikamwambia haifuri, ami.

"Basi una kazi, mwanangu. Mimi mbao ikinywa maji inafura, inajifunga yenyewe. Chombo kipya kikishuka kinavuja, mwenye chombo anapiga kelele, namwambia ngoja. Kesho yake kimya. Wewe hata wa kumwambia ngoja huna."

Kisha akacheka peke yake, akasema umri wake wote anazuia maji yasiingie, na mtoto wa kaka yake kaja kumuuliza namna ya kuyazuia yasitoke. Samaki wa kutazama, akasema, nende Mnarani pale, kuna bwawa la Mungu, kasa wanazunguka humo na hakuna aliyelipiga msasa.

Hata hivyo alinifundisha. Alinifunga vipande vinne pamoja kwa jiliwa, kingo zote juu, akapitisha randa ndogo aliyoinoa mpaka ikawa inanyoa nywele za mkono. Nyuzi nyembamba za plastiki zikatoka zimejiviringa. Akasimamisha pembemraba, akaniita niinamishe jicho nitazame dhidi ya jua: mwanga ukipenya popote, rudia. Tulirudia mara sita. Kwa macho yangu tulikuwa tumeshamaliza tangu ya pili.

Nilirudi mjini najiona fundi, na nikaliharibu tangi la pili kwa kiburi hichohicho. Nilitaka kingo zing'ae, basi nikazipitishia moto wa tochi ya gesi. Zikang'aa kama kioo cha sonara. Nikazitia dawa. Baada ya dakika chache nyufa ndogondogo zikaanza kutambaa ndani ya plastiki, mamia, kama utando wa buibui. Moto huacha mkazo ndani ya akriliki, na dawa ikiukuta mkazo huo huupasua. Ukingo unaokwenda kuungwa huachwa na ukungu wake, umenyooka tu. Mng'aro ni wa kingo za nje, na ni wa mwisho kabisa.

La tatu lilikufa masika. Hewa ya mwezi wa nne hapa Kikwajuni unaweza kuikamua. Dawa ile inachemka kwenye nyuzi 40 tu, kwa hiyo inaruka haraka mno, na ikiruka inapoza plastiki, na plastiki ikipoa unyevu wa hewani unatua juu yake kabla kiungo hakijafunga. Viungo vyangu vikageuka vyeupe kama tui. Tena siku hiyohiyo raba ya bomba la sindano ikafura ndani ya dawa, ikakwama katikati ya mstari mrefu, nami nimeshika bomba nasukuma kwa kidole gumba na machozi yananitoka. Mengine yalikuwa ya mvuke wa ile dawa, ambao si wa kuchezea: mtu asiufanyie kazi chumbani. Mimi nafanyia uani, upepo ukiwa mgongoni. Siku hizi natumia kichupa cha kubinya chenye ncha ya sindano, hakina raba.

Kwa hiyo hili la nne nilingoja kaskazi, hewa imekauka. Nilikata vipande vya milimita 10, urefu sentimita 90, upana 40, kimo 45. Akriliki ya kumiminwa, si ile ya kusukumwa mashineni, maana ya kumiminwa ndiyo inayovumilia dawa. Bei siandiki, Mama husoma ninayoyaandika.

Watu wananiuliza kwa nini unene wote huo kwa samaki wa ukubwa wa kidole. Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu: maji ya kimo cha sentimita 45 yanausukuma ukuta wa mbele kwa nguvu ya karibu kilo 90. Yaani mtu mzima ameuegemea, usiku na mchana, haondoki. Na kinachohesabika ni kimo tu. Tangi lingekuwa refu kama daladala, kila shibiri ya ukuta huo ingebeba vilevile. Langu likiwa tupu lina kilo 18 na ushei. Kwa kioo cha unene huohuo lingepita 35, na nisingelipitisha mlangoni bila kuita vijana wa barazani.

Kuunga kulinichukua asubuhi tatu, mara tu baada ya Alfajiri, jua halijaingia uani. Nilibandua karatasi ya kinga pembezoni tu, kidole kimoja. Nikapanga pini zangu nyembamba za mtandio kati ya ukuta na ukuta, moja kila upana wa kiganja, ili dawa ipate njia. Unapitisha dawa, unahesabu. Mimi nilihesabu kwa kumsalia Mtume, polepole, mpaka kingo zilainike, kisha unachomoa pini moja baada ya moja na uzito wa kipande unakaa wenyewe. Hapo mikono mbali. Kishawishi cha kukandamiza ni kikubwa, na ukikandamiza unaikamua dawa yote nje, kiungo kinabaki kikavu na mapovu.

Kuta nne, kisha chini, kisha mkanda wa juu unaozuia kuta zisitanuke. Tundu la mkanda nililikata pembe zake za mviringo, maana pembe kali ndiko ufa unakozaliwa.

Msasa ndio nilioupenda, sikutegemea. Namba 600 na maji, halafu 800, 1000, 1500, 2000, kila namba ikikata njia ya iliyotangulia, ili mikwaruzo ya zamani ionekane na ifutike. Ukiruka namba moja kwa uvivu, mkwaruzo wake unakungoja kwenye 2000, hapo urudi nyuma. Mkono unazoea, sauti inabadilika. Mwanzo inakwaruza kama mbuzi ya nazi, mwisho ni kama mtu anayenong'ona. Kisha dawa ya kung'arishia gari na kitambaa cha pamba. Nimemkataza kila mtu nyumbani kulifuta kwa dawa ya madirisha au spiriti, zinapasua akriliki. Nimeandika na kuibandika. Mama kaisoma, kaniuliza kama na yeye sasa ni mgeni nyumbani kwake.

Ami kaja jana baada ya Laasiri, hakuleta habari wala hakupiga simu. Akavua kofia, akachutama mbele ya tangi kama anavyochutama chini ya mashua. Akapitisha kidole gumba kwenye pembe, juu hadi chini, akarudi juu. Akafumba macho akarudia. Kuna mapovu saba kwenye kiungo cha nyuma, upande wa kushoto. Niliyahesabu siku ileile na yananiudhi kila nikipita. Aliyaona yote saba. Hakusema kitu, akaendelea.

Samaki bado sijatia. Nataka kwanza pampu ya hewa yenye betri. Sisi wa Unguja tuliokaa gizani bila umeme miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hatuiamini pampu ya waya peke yake.

Usiku umeme ulikatika kweli, kidogo tu. Nikawasha tochi ya simu nikaiweka nyuma ya tangi, ukuta mzima ukawa unacheza maji. Ami alikuwa na kikombe mkononi, hakunywa.

"Hii," akasema, "kwa chini ya chombo, unaweza?"

Nikadhani sijamsikia.

"Wageni wanataka kutazama matumbawe bila kurowa. Kuna mtu ananisumbua tangu mwaka jana. Kioo mimi sikiamini, kikigonga jiwe ndiyo basi." Akaweka kikombe chini, akatandaza kiganja juu ya tangi akapima kwa shibiri, nne na kidogo. "Mkuku, uti wa chombo, siukati. Mbili, kushoto na kulia kwake. Unene gani?"

Nikamwambia nipe usiku mmoja nipige hesabu, maana safari hii maji yanasukuma kutoka nje, na mbao zake zinafura na yangu haifuri, kwa hiyo pale zinapokutana sijui bado tutaweka nini. Akasema pale zinapokutana mwachie yeye.

Ndiyo hii karatasi iliyo mbele yangu. Nimefika milimita 15 na bado sijaridhika.