Vidole viwili

Leo mchana jirani wa nyuma amechinja mbuzi. Harufu ya manyoya yanayoungua ilivuka ukuta ikanikuta jikoni, mwiko mkononi, nikaacha bukari, ugali wetu, ishike chini ya sufuria. Nilikaa kwenye kigoda nikingoja ipite, na haikupita.

Kwa wengine hiyo ni harufu ya sherehe. Kwangu mimi ni usiku wa pili wa kilio cha Baba, Februari 2008, mvua inanyesha na Yaya, kaka yangu mkubwa, ameinama juu ya mbabula, jiko la makaa.

Baba alikuwa mpiga gitaa. Hakuwahi kuwa na bendi wala kulipwa hata senti. Alikuwa mtu wa kazi, wa zamu ya asubuhi, na gitaa lilikuwa la Jumapili. Akitoka misa anavua koti, anafunga mlango wa sebule, na sisi wote katika kambi ya wafanyakazi tunajua tusipige kelele. Alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, kama Jean-Bosco Mwenda. Alimwita "Mwenda wetu", na alikuwa na haki ya kumwita hivyo, maana ni watu wachache walioifanya Katanga, kusini mwa Kongo, isikike mbali kama yeye. Tulisimuliwa mpaka tukakariri: Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimkuta Mwenda huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952, akamrekodi, kijana wa miaka ishirini na kitu mwenye gitaa moja anayeimba Kiswahili. "Gumba ni mtu anayekwenda kazini," Baba alisema. "Halisimami, haligeuki nyuma. Kile kidole kingine ndicho chenye maneno." Mwenda alipokufa kwa ajali ya gari mwaka 1990 nilikuwa na miaka mitano. Kitu ninachokumbuka ni mlango wa sebule uliobaki wazi Jumapili nyingi mfululizo.

Yaya alichagua karindula.

Mtu wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa, ila kwa ndugu wa mbali niseme tu: chukua pipa la mafuta, liwambe ngozi ya mbuzi, litie shingo ndefu ya mbao na nyuzi nne. Sauti yake inakuingia tumboni kabla ya kufika masikioni. Yaya alitengeneza la kwake akiwa na miaka kumi na saba. Baba alitoka nje, akalizunguka lile pipa mara moja, akasema, "Hii haiko muziki. Hii ni kelele ya wahuni." Yaya hakujibu. Mwezi uleule alihamia kwa rafiki yake huko Katuba, na tangu hapo wakikutana walikuwa wanasalimiana kama majirani, basi.

Nami nilikuwa upande wa Baba. Nilikuwa nasoma, na kwa sisi tuliosoma karindula ilikuwa aibu. Nikimwona kaka yangu barabarani na wenzake na lile pipa, nilikuwa navuka upande wa pili.

Mengine yalikwenda haraka. Mwaka 2003 Baba alitoka kazini pamoja na maelfu ya wenzake, akiwa na bahasha moja kwa miaka yote ile. Posho ilikuwa imeshakuwa hadithi. Mwaka 2005 gitaa liliuzwa, na pesa yake ikalipa mwaka wangu wa kwanza wa chuo. Alinihesabia noti mezani, akaniambia nihesabu tena mbele yake. Nikahesabu. Sikumwambia asante. Nilidhani nikisema asante nitakuwa nimekubali kwamba gitaa limekwenda.

Kwa hiyo alipokufa sikulia. Siku mbili nzima nilipokea wageni, nikatandika mikeka, nikachemsha maji ya chai, na watu wakanisifu kwamba nimejikaza. Sikuwa nimejikaza. Kitu fulani chini ya shingo kilikuwa kimeganda, hata maji yalipita kwa shida. Wamama wa kanisa waliimba vizuri sana chini ya turubai, na nilizisikia nyimbo zao kama mtu anavyosikia redio ya nyumba nyingine.

Usiku wa pili, kama saa tatu hivi, Yaya alifika na vijana watatu. Pipa lilikuwa juu ya baiskeli, limefunikwa gunia lililolowa. Baba mdogo aliinuka papo hapo. "Hapa ni kilio cha mtu wa heshima," akasema, na wazee wawili wakainuka pamoja naye. Sauti ya Mama ikatoka ndani, pale alipokaa mkekani na wanawake: "Muache mtoto aingie kwa baba yake."

Nataka nieleze vizuri kilichofuata, maana hapo ndipo ninaporudi kila mara.

Mvua ilikuwa imelegeza ngozi. Yaya aliigonga kwa kifundo cha kidole ikajibu *bu*, sauti ya nguo iliyoloa. Akaomba mbabula. Kijana mmoja akapuliza makala mpaka yakawaka, na Yaya akaliinua pipa kwa mikono miwili, uso wa ngozi ukitazama moto, akawa analizungusha polepole. Pembeni mwa ngozi palikuwa na manyoya ambayo hayakunyolewa, meusi na meupe, yakaanza kujikunja na kutoa moshi. Ndiyo ile harufu. Aligonga tena, akasikiliza sikio likiwa karibu kabisa na ngozi, akarudisha pipa motoni. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kwa uzito. Hakuna aliyemsaidia, na nadhani hakuna aliyeona ni halali kumsaidia. Wamama waliacha kuimba bila mtu kuwaambia. Tulisikia mvua juu ya turubai na kifundo cha kidole tu: *bu*, moto, *bu*, moto. Mpaka ikaja *pa*, kavu, kama ubao.

Akaliegemeza pipa kwenye kiti, akakaa, akafuta uso kwa mkono wa shati.

Nilitegemea ile kelele ya barabarani. Alianza taratibu, wenzake wakimtazama tu, na mimi nilikuwa nimesimama karibu, birika mkononi. Nikaangalia mkono wake wa kulia. Gumba lilikuwa linatembea juu ya uzi mnene, linakwenda tu, halisimami. Kidole cha shahada kikawa kinajibu. Vile vingine vitatu vilikuwa vimekunjwa kiganjani, vimetulia, kama mkono wa Baba ulivyokuwa.

Birika lilianguka. Sikumbuki maji ya moto yaliniunguza wapi, nakumbuka sauti iliyotoka kwangu, ambayo sikujua kwamba ninayo. Nililia mpaka magoti yakaisha nguvu. Vijana wakaingiza vigitaa vyao, mwendo ukaongezeka, na wamama wa kanisa walioanza kwa kuinamisha macho wakawa wanatikisa mabega. Baba mdogo alicheza. Mama aliletwa mlangoni, akasimama na kitambaa chake kichwani, mguu wake mmoja ukipiga sakafu. Tulikwenda hivyo mpaka alfajiri.

Watu husema muziki unaponya. Kesho yake tulimzika Baba na ilikuwa nzito vilevile. Deni langu la asante liko palepale hadi leo. Ila jioni ile nilikula, bukari na sombe ya majani ya muhogo, sahani nzima, na chakula kilipita. Labda ni hilo tu, na labda si dogo. Sijui kulipima.

Miaka yote hii sikuwahi kumuuliza Yaya. Leo, sufuria ikiwa imeungua na harufu bado ukutani, nilimpigia simu. Yuko Kolwezi, anachimba, mikono imekuwa migumu, karindula anapiga mara chache. Nikamuuliza nani alimfundisha vidole viwili.

Alinyamaza nikadhani laini imekatika.

"Mulango wa sebule ulikuwa na nafasi chini," akasema. "Nilikuwa nalala pale kwa tumbo. Naona mkono tu na magoti."

"Na Baba alijua?"

"Mudogo wangu, sijui. Jumapili moja alisimama katikati ya wimbo. Akarudi mwanzo, polepole, polepole sana, hata mtoto angeshika. Mara tatu. Nimewaza sana juu ya siku ile." Nikasikia mtu anamwita huko shimoni. "Inawezekana alikuwa anajifundisha mwenyewe."