Nilidhani nimeteguka tu

Niliteremka kwenye bajaji barabara ya 12, Ngamiani, Tanga, mfuko wa vitambaa mkononi. Mguu wa kulia ukakanyaga ukingo wa mtaro, ukapindukia ndani. Nikasikia "tak!"

Badala ya hospitali nikaenda kuchuliwa. Bibi wa mtaani kwetu akapasha mafuta ya nazi, akanivuta mguu, akasema, "Mteguko huu, mwanangu, kesho utatembea." Nilipiga kelele mpaka watoto wakachungulia dirishani. Kesho yake kifundo kilikuwa kama embe dodo, kimevilia damu hadi kisigino, na hatua nne tu zilinishinda. Simlaumu bibi, mimi ndiye niliyemfuata kabla ya kupiga picha ya mfupa.

Hospitalini, daktari, kijana kabisa, alibonyeza kwa ncha ya kidole kimoja pale mfupa wa nje wa kifundo unapoishia. Niliruka. "Shikamoo yangu haikusaidia kitu, mama," akacheka, akaniandikia eksirei. Kwenye picha kulikuwa na kipande kama punje ya mchele, kimejitenga chini ya mfupa.

Mimi ni fundi cherehani, nikaelewa upesi. Kifungo kilichoshonwa kwa uzi mgumu ukikivuta kwa nguvu, uzi haukatiki. Kinatoka na kitambaa chake. Kano yangu, ule ukamba unaofunga mifupa ya kifundo pamoja, ilifanya hivyohivyo: haikukatika, iling'oa mfupa.

Kwa kuwa kipande hakikusogea mbali, sikuhitaji upasuaji. Nilifungwa hogo wiki 6, nikapewa magongo, nikaambiwa nilalapo mguu ukae juu ya mito, na vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi nirudi siku hiyohiyo.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Nilijaribu kwa mguu wa kushoto peke yake, gurudumu likawa linarudi nyuma na uzi unakatika. Nikabaki na kazi za mkono: vifungo na mapindo. Hela ya dagaa hiyo, si ya kodi.

Hogo lilipotolewa, mguu ulikuwa umekonda na kifundo hakikunjiki. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinifundisha kupitisha kanga chini ya unyayo na kuivuta taratibu, kuandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, na baadaye kusimama kwa mguu mmoja. Hili la mwisho nililifanya jikoni nikingoja chai ichemke, mkono karibu na ukuta. Kisha nikarudi kwenye cherehani: bila uzi, bila kitambaa, nakanyaga tu dakika 10 asubuhi na 10 jioni.

Sasa nashona kutwa. Ila dereva wa bajaji namwambia asimame mbali na mtaro.