Asile Kitu

Mwezi wa saba mwaka 2022, nikiwa nimelala chali katika wodi ya wanaume ya hospitali moja jijini Mbeya, niliulizwa swali ambalo tangu niote ndevu hakuna aliyewahi kuniuliza mbele za watu.

"Kaka, umejamba?"

Nesi aliuliza kwa sauti ileile ambayo angeniulizia jina langu. Vitanda vya jirani vikanyamaza kusubiri jibu. Nikasema bado. Akaandika kwenye faili, akakigandamiza vizuri kile kikaratasi kilichobandikwa kwa plasta ukutani juu ya kichwa changu, maana kilikuwa kinataka kudondoka. Kiliandikwa kwa kalamu nene: ASILE KITU.

Kidole tumbo changu kilipasuka kabla sijafika kwa daktari. Maumivu yalianzia kitovuni jioni, alfajiri yakawa yamehamia chini, upande wa kulia, na mguu haunyooki. Safari ya bajaji kutoka Uyole siisimulii. Anayezijua barabara zetu za mitaani anajua. Nikapigwa nusu kaputi, nikaamka na dripu mkononi, mpira wa kutolea usaha ubavuni, na koo lililokauka. Daktari akanieleza kwamba usaha ulishatapakaa tumboni, kwa hiyo utumbo umelala na haupewi kazi yoyote mpaka uamke wenyewe. Hewa ndiyo dalili kwamba umeamka. Kabla ya hapo ni maji ya dripu tu, na pamba iliyoloweshwa ya kupangusia midomo.

Wanaosema mgonjwa hasikii njaa hawajalala wodi iliyo jirani na jiko. Toroli ya chakula nilikuwa naisikia tangu iko korido ya wodi ya watoto, gurudumu lake moja linalia. Ugali, maharage, kabichi. Siku za kawaida chakula hicho hakinisumbui hata kidogo, lakini pale nilikuwa nahesabu matonge ya watu. Na hiyo ya hospitali ilikuwa afadhali, kwa sababu adhabu yenyewe ilikuja saa za kuona wagonjwa. Kwetu mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Zilifunguliwa hotpoti za ndizi zilizochemshwa na nyama, makande, viazi mviringo, parachichi lililopondwa na kutiwa chumvi. Kijana wa kitanda cha mbele yangu, aliyevunjika mguu kwenye bodaboda, aliletewa na mama yake kichwa cha mbasa kutoka Kyela. Alikila bila haraka. Alianza na shavu, akaja jicho, akalinyonya mpaka akabaki na ile gololi nyeupe mdomoni, akaitema kiganjani akaitazama, kisha akaurudia mnofu wa nyuma ya shingo. Mimi nilikuwa namtazama yeye. Mama yake akaniona, akanipa pole, akamgeuzia mwanawe uso ukutani.

Nikakimbilia simu. Nilitaka kuona kitu chochote kisichohusiana na kula. Usiku ule baridi ya Mbeya ilikuwa imekaza, blanketi la hospitali ni moja na langu la nyumbani halijaletwa, basi nikaanza kutafuta mahali penye baridi kuliko pale nilipolala, angalau nijipe moyo. Ndivyo nilivyofika Antaktika, kwa bando la usiku. Meli ndogo ya watalii inapita katikati ya vipande vya barafu, bahari ya kijivu, pengwini wamesimama mawe kwa mawe. Hakuna sufuria wala moshi, na nafsi yangu ikatulia kabisa. Kisha yule mama aliyekuwa anarekodi akashuka ngazi na kamera yake, akasema sasa tukaone kifungua kinywa. Mayai ya aina nne, samaki wa rangi ya chungwa aliyekatwa vipande vyembamba, jibini, mikate sijui mingapi, na kijana amevaa kofia nyeupe anamuuliza kila mtu anataka chapati ya mayai ya namna gani. Nilitaka kuitupa simu. Sikuitupa. Niliiangalia video ile mpaka mwisho, nikairudia.

"Hiyo meli inakwenda wapi?" Sauti ilitoka kitanda cha dirishani.

Alikuwa mzee aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri, na ujanani alikuwa baharia katika meli za Ziwa Nyasa, zile za kutoka Itungi kuteremka Lupingu, Manda, Liuli, mpaka Mbamba Bay. Usingizi naye ulikuwa umemkataa. Nikamweleza nilichokisoma: watu hupandia meli Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, wanavuka Mlango wa Drake kwa siku mbili hivi ndipo waione Antaktika, na huko kwenye Drake upepo unaizunguka dunia yote bila kukutana na nchi kavu ya kuuzuia.

"Mawimbi?"

Nikasema yanaweza kuwa makubwa kuliko nyumba, na kwamba wahudumu hulowanisha vitambaa vya meza ili sahani zisiteleze.

"Hao wanakula wakati bahari imechafuka?" Akafikiri. "Sisi mpishi alikuwa anaifunga sufuria kwa kamba kwenye jiko. Na bado siku moja upepo wa kusini ulitukuta karibu na Lupingu, mchuzi wote ukamwagikia viatu vya kapteni. Akavivua, akavilamba."

Aliyeshonwa tumbo hatakiwi kucheka bila kujiandaa. Unakumbatia mto, unaugandamiza kwenye kidonda, ndipo unacheka kidogokidogo kupitia puani. Nililijua hilo usiku ule, na mzee naye alikuwa ameukumbatia wake.

Kuanzia hapo ikawa safari ya watu wawili. Mchana tulitibiwa, usiku mimi nilisoma kwa sauti ya chini na yeye aliuliza. Aliuliza maswali ya baharia: nahodha anajuaje barafu iliyo chini ya maji, boti za kushusha watu zinafungwaje, wakizama nani anawafuata. Nikamsomea habari za Shackleton, mpelelezi wa zamani wa huko Antaktika, ambaye meli yake Endurance ilibanwa na barafu ikazama mwaka 1915, na kwamba mwezi Machi mwaka ule ule tuliokuwa wodini walikuwa wameikuta chini ya Bahari ya Weddell, kina cha mita 3,008, jina lake bado linasomeka nyuma. Watu wake wote wa meli hiyo waliokolewa. Mzee alitaka kujua walikula nini muda wote ule. Sili na pengwini, nikamwambia, na mwisho hata mbwa wao. Akatikisa kichwa. "Basi afadhali uji wa hapa."

Kilichomkera zaidi ni sheria za siku hizi. Tangu mkataba uliotiwa saini mwaka 1959 bara lile halina mwenyewe, na watalii wanachungwa kwelikweli. Viatu vinasuguliwa kwa dawa kabla na baada ya kushuka. Hawashushwi zaidi ya watu 100 kwa mara moja. Pengwini unakaa naye mbali mita 5, ila akikufuata yeye ni hiari yake. Na huruhusiwi kushuka na chakula.

"Hata karanga?"

"Hata karanga, mzee."

Akanyoosha kidole kwenye kile kikaratasi changu ukutani. "Kumbe na wao bara zima wamelibandikia hicho."

Hadithi ya Leonid Rogozov niliiweka akiba nikamsimulie nesi. Huyu alikuwa daktari wa Kirusi, umri miaka 27, daktari pekee katika kituo cha Novolazarevskaya huko huko Antaktika. Mwishoni mwa Aprili 1961 akashikwa na kidole tumbo, nje kuna dhoruba ya theluji, ndege haiji. Akajipasua mwenyewe. Alijidunga ganzi, akaegemea nusu ameketi, dereva wa kituo akamshikia kioo, mtaalamu wa hali ya hewa akamshikia vyuma vya kutanulia kidonda. Kioo kilikuwa kinamgeuzia kushoto na kulia, basi sehemu kubwa ya kazi akaifanya kwa kupapasa. Ilimchukua karibu saa mbili, na baada ya majuma mawili akarudi kazini.

Nesi alinisikiliza huku anabadilisha chupa ya dripu. "Na yeye nani alimuuliza kama amejamba?" Akaondoka zake.

Jibu langu mimi lilipatikana alfajiri, nikiwa nimetoka kutembezwa koridoni huku nimeshikilia ule mti wa dripu. Mzee alilisikia kabla yangu. "Sista!" akaita. "Meli imepiga honi!" Wodi nzima ikapiga makofi, na yule kijana wa mguu akagonga kitanda kwa kijiko.

Kikaratasi kikabanduliwa. Kwanza nikapewa chai ya rangi, vijiko viwili vitatu. Haikurudi. Mchana ndipo ukaja uji. Ulikuwa uji wa mahindi mweupe, mwepesi kiasi kwamba niliiona alama ya kiwandani chini ya kikombe cha plastiki, sukari ni ya kukisia, na juu umeshika utando kwa kuchelewa njiani. Wenzangu walikuwa wanausema vibaya kila siku, na walikuwa na haki. Mimi niliusogeza utando kwa kijiko, nikaula wenyewe kwanza. Nikashushia uji taratibu, nikiusikia unavyoteremka na mahali unapoishia, tumbo likatoa sauti ya maji, nikangoja kama litauma, halikuuma. Nikaomba kingine. Nesi akasema kesho.

Shangazi alifika kutoka Tukuyu na hotpoti mbili na blanketi. "Shikamoo shangazi." "Marahaba, baba." Mimi ni mtoto wa kaka yake, kwa hiyo ananiita baba, hata anaponigombeza. Mzee ndiye aliyenichongea. Alimwambia kijana wako anataka kwenda mwisho wa dunia kuangalia barafu, nauli yake dola elfu saba. Shangazi akauliza hizo ni shilingi ngapi. Nikasema zaidi ya milioni kumi na sita. Akaweka kifuniko cha hotpoti chini.

"Baba, barafu si iko Kitulo? Nenda Makete mwezi huu huu, alfajiri majani yote meupe. Nauli ya basi."

Siwezi kusema alikosea sana. Huko wanakopelekwa watalii, wakati wa kiangazi chao cha Desemba na Januari, joto linacheza karibu na nyuzi sifuri, na alfajiri ya Julai kwenye uwanda wa Kitulo, mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, utavaa makoti yaleyale. Ila Kitulo hakuna meli, na hakuna kijana wa kofia nyeupe anayekuuliza unataka mayai yako vipi.

Siku ya kuruhusiwa nilimuuliza daktari ni lini nitaweza kusafiri kwa meli. Alikuwa anaandika, hakuinua kichwa. "Mbamba Bay?" Mzee akaanza kutafuta mto wake. Nikasema ni mbali kidogo ya hapo. "Subiri wiki sita, usinyanyue mizigo," akasema, akagonga mhuri.

Nilipopata nguvu ya kurudi dukani kwangu kutoa kopi, nikaiandikia kampuni mojawapo ya meli hizo kuulizia bei. Wakanijibu kwa adabu, wakanitumia na fomu ya afya, maana mtu akiugulia kule hospitali iko ng'ambo ya Drake. Kwenye swali la upasuaji nilioufanyiwa karibuni nikaandika kidole tumbo, nikaipiga chapa ile fomu, ikabaki kwenye faili la risiti. Tangu hapo wananitumia matangazo kila mwezi. La mwisho lilikuwa na punguzo kwa chumba cha chini kisicho na dirisha, na picha ya meza ya chakula. Nilimwonyesha shangazi. Aliisogeza simu karibu na macho, akaitazama meza ile kuanzia pembe hii hadi pembe ile.

"Ndizi ziko wapi?"