Mbele ya nani?

Leo Jumatano na bado naisikia sauti yake. Nikimgeuza ubavu Signora, yule bibi ninayemtunza, naisikia, nikimenya viazi naisikia, asubuhi kwenye treni naisikia juu ya kelele za magurudumu. Maneno matatu tu: "Mbele ya nani?" Mama aliyasema Jumamosi usiku, kwa sauti ya chini, wala hakuyarudia. Nadhani mwenyewe ameshayasahau.

Yote yalianza na bahasha ya Pasaka. Mwanawe Signora alinipa kwa mikono miwili, ndani mna kadi: chakula cha jioni cha watu wawili, mkahawa wa Le Louis XV, ndani ya Hôtel de Paris, Monte Carlo, Monaco. Niliificha chini ya nguo za baridi nikingoja viza ya Mama itoke. Miaka sita nimempitisha Signora kwenye kiti chake cha magurudumu mbele ya hoteli ile, tukielekea bustanini, na kila siku nikiwaona wale vijana wa mlangoni wakiwafungulia wengine. Nilitaka Mama awe wa kwanza kuingia, mimi nimfuate nyuma. Nilitaka hivyo kwa moyo wangu wote. Ndiyo maana inaniuma.



Mama alivaa buibui lake jipya, mtandio wa rangi ya zabibu, na mkononi mkoba wake wa ukili alioshonewa na shangazi. Nilikuwa nimemnunulia mkoba mwingine sokoni Ventimiglia, upande wa Italia, siku ya Ijumaa, mweusi, una kufuli ya dhahabu. Aliutazama, akaushukuru, akauacha kitandani. Sikusema kitu. Lakini sasa naona ya kwamba nilikuwa nimeshaanza, tangu pale.

Ukiingia ukumbini kwenye hoteli pana sanamu ya mfalme Louis wa 14 juu ya farasi. Goti la farasi limeng'aa kwa kushikwa, kwa sababu wacheza kamari wanaokwenda kasino ya jirani huligusa wapate bahati. Mama aliuliza kwa nini pamekuwa vile, nikamweleza. Akasogeza mkono wake nyuma, akatazama juu kwenye kuba la vioo, akasema, "Subhanallah, wamejenga." Hoteli ni ya mwaka 1864. Nilimwambia, akatikisa kichwa polepole, kama anavyofanya akionyeshwa mtoto mchanga.

Mezani, kabla hatujakaa vizuri, mhudumu alileta kigoda kidogo kilichovishwa kitambaa, akakiweka kando ya kiti cha Mama. Mimi nilijua ni cha nini, nilikuwa nimesoma. Mama hakujua. Yule kijana akaupokea mkoba wa ukili kwa mikono yake yenye glavu nyeupe, akaulaza juu ya kigoda kama mtu anayelaza msahafu. Mkoba wa miyaa wa Malindi, chini ya taa zile, kati ya kuta za dhahabu! Ningeomba usiku ule uishie pale.

Nilikuwa nimewapigia simu mapema: hatuli nyama yao, hatunywi, tuleteeni samaki na mboga. Wakasema hapana shida. Na kweli jiko lile linafaa kwa watu kama sisi, kwa sababu limesimama juu ya vitu vya bahari na shamba vya pwani hii, mafuta ya zeituni, samaki wa mwambani, mboga za Provence, kusini mwa Ufaransa. Kamba waliokuja kwanza walikuwa wa Sanremo, Italia, hapa hapa ng'ambo ya mpaka, wekundu hata kabla ya kupikwa, wamelazwa juu ya supu ya samaki iliyogandishwa hadi ikawa laini inayotikisika, na mayai ya samaki meusi juu yake. Mama alimkata mmoja, akamtafuna amefumba macho. Mtu aliyezaliwa Ngomeni humdanganyi kwa kamba. Akasema, "Huyu amelala baharini jana." Nilifurahi kama niliyemvua mwenyewe.

Kisha zikaja mboga. Ni sahani iliyoanza na jiko lenyewe: karoti, figili, boga, kila moja imepikwa hadi kiwango chake, na uyoga mweusi wa chini ya ardhi, wanauita trufo, umepondwapondwa ukafanywa mchuzi. Mama akainamisha kichwa, akanusa. Akanusa tena. Hapo ndipo yalipotokea.

"Hebu muulize kijana, huu mchuzi umetiwa mvinyo?"

"Mama, nilishawaambia kwenye simu. Kula tu."

"Wewe umewaambia. Mimi nataka kumsikia yeye."

Meza ya jirani walikuwa kimya. Mwanamke mmoja alikuwa ameshika glasi hewani, sijui alikuwa akitutazama au akitazama mlango. Nikainama, nikasema ninayotamani ningeyameza:

"Mama tafadhali, usinitie aibu."

Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Alinitazama tu, uso wazi kabisa, kama anayetaka kujua kweli, akauliza: "Mbele ya nani?"

Nimejibu swali hilo mara mia tangu Jumamosi. Mbele ya yule mwanamke mwenye glasi? Simjui, hanijui, na Jumatatu nikimpita njiani na kiti cha Signora hataniona. Mbele ya mhudumu? Mhudumu ni mtu wa kazi kama mimi, asubuhi pengine tunasukumana kwenye treni moja. Mbele ya mkahawa? Wao ndio waliomwekea mkoba wake kigoda. Kila nikimtafuta huyo mtu niliyemwonea haya mama yangu, viti vyote ni vitupu. Nabaki mimi peke yangu.

Na ningeweza kusema lolote jingine. Ningesema, "Haya Mama, namwita." Ningenyanyua mkono tu, kwani ni gharama gani kunyanyua mkono? Ningesema, "Hata mimi nimesikia harufu." Maana niliisikia.

Mama aliweka kijiko chini, pole pole, kisilie kwenye sahani. Kisha akageuka mwenyewe. Mnajua Mama alifanya kazi jikoni kwenye hoteli ya ufukweni Malindi miaka 27, na Malindi ya wakati ule hukuweza kukata vitunguu bila kujifunza Kiitaliano. Lakini mimi nilikuwa nimesahau. Miezi miwili hii nimemtafsiria dukani, kwa daktari, kwa mlinzi wa treni, kana kwamba bila mimi hana ulimi. Akamwita yule kijana: "Scusi, figlio mio." Samahani, mwanangu. Akamuuliza kwa Kiitaliano chake cha jikoni, kisicho na adabu za ziada wala makosa mengi, mchuzi ule una nini ndani yake, na ile harufu kali ni ya mvinyo au ya siki.

Kijana alisimama wima. Alikuwa wa Liguria, mkoa wa Italia wa pwani hii, nilimsikia kwenye matamshi. Akasema, "Siki, Signora, lakini ngoja nikaulize kwa uhakika," akaenda jikoni kweli, akarudi akamtajia kimoja kimoja: mafuta ya zeituni, chumvi, trufo, siki, maji ya mboga zenyewe. Mvinyo hamna. Kisha akasema bila kuulizwa kwamba kitindamlo chao maarufu, ile keki wanayoiita baba, humwagiwa ramu mezani, kwa hiyo yeye angetuletea matunda. Mama akamshukuru. Akauliza tena wanazikata saa ngapi karoti, kwa sababu ncha zake hazikukauka. Wakazungumza karoti. Wakazungumza jinsi ya kupika figili na majani yake bila majani kuiva kupita kiasi. Mama alieleza kwa vidole, kama anavyonieleza mimi, na yule kijana akawa anaitikia, "Sì, Signora. Sì, Signora." Mhudumu wa pili akasogea kusikiliza.

Nilikuwa nimekaa pale na napkini mapajani, mwenyeji asiye na wageni.

Ila baadaye likaja gari dogo la majani ya chai, na hapo moyo wangu ukafunguka kidogo, siwezi kuwaficha. Hawaleti majani makavu. Wanaleta mimea hai kwenye vyungu vyake, mtu mwenye glavu na mkasi anakukatia unaotaka papo hapo mbele yako. Mama alinyoosha kidole: mnanaa, huu hapa, na huu ni mrihani, na huu unafanana na mchaichai kwa harufu lakini jani si lake. Aliponusa mnanaa alicheka kwa sauti, kicheko chake kile cha uani kwetu, na hakuna aliyegeuka vibaya. Wa mkasi akamkatia shada zima. Mama akasema, "Baba yako angekuwapo angeomba mbegu." Tukacheka wote wawili. Nikamshika mkono juu ya meza, akaniachia.

Kwenye treni nilimhadithia habari za mpishi aliyelianzisha jiko lile, Alain Ducasse: kwamba mwaka 1984 ndege ndogo aliyopanda ilianguka milimani, wakafa wote wanne aliokuwa nao, yeye akatolewa hai amevunjikavunjika. Kwamba mwaka 1987 alipopewa jiko, Monaco walimtaka apate nyota tatu za Michelin, daraja la juu kabisa la mikahawa, katika miaka minne, naye akazipata mwaka 1990, na mkahawa wa hotelini haukuwahi kupata hizo kabla yake. Nilidhani atasema habari za nyota. Alinyamaza mpaka tukapita Menton, kisha akasema, "Wale wanne nao walikuwa na mama zao." Akalaza kichwa begani kwangu, akasinzia.

Sikumwomba radhi usiku ule. Jana nilijaribu. Alikuwa anakuna nazi jikoni, nikasimama mlangoni, nikasema, "Mama, ile Jumamosi..." Akasema, "Chakula kilikuwa kizuri mno, Mungu amzidishie mwanawe Signora. Nipe ile kata." Nikampa. Siku 90 za viza yake zinamalizika tarehe 2, zimebaki siku kumi na moja. Nitajaribu tena leo usiku.

Mkoba mweusi wenye kufuli ya dhahabu bado uko kitandani kwake, ndani ya karatasi yake.

Halafu kuna jambo jingine, naandika huku simu iko sikioni. Mdogo wangu hajapokea simu tangu Jumatatu. Aliniambia wanakwenda kuvua kamba ghuba ya Ungwana, siku moja tu, na upepo wa kusi mwezi huu hauna mchezo. Mkewe anasema chaji imekwisha tu, nisiwe na wasiwasi, nisimwambie Mama. Lakini simu iliyokwisha chaji haiiti. Hii inaita. Inaita mpaka inakatika yenyewe.