Betri ya boti kufa kila ikilala msimu wa baridi, nimepata dawa

Jamani, misimu miwili mfululizo napaki boti, swichi kuu nazima kabisa, nikirudi betri imekufa fofofo, mita inasoma volti 10 na kitu. Nikanunua betri mpya, wapi. Nikaiweka juu ya ubao eti sakafu ya zege inanyonya chaji (uongo huo kwa betri za siku hizi), bado.

Kumbe kuna kawaya kembamba chekundu kametoka moja kwa moja kwenye chanya kwenda kwenye pampu ya kutoa maji, hakapiti swichi kuu kabisa! Na kamewekwa hivyo makusudi, ili pampu ijiwashe hata kama haupo.

Safari hii nimechaji mpaka ikajaa, nikaiacha itulie usiku kucha, ikasoma 12.7, ndo nikafungua hasi kwanza, halafu chanya pamoja na hako kawaya. Kila mwezi napima, ikikaribia 12.4 nachaji tena. Yangu iko nchi kavu na kizibo cha chini nimetoa, kama yako inabaki majini usithubutu kukata hiyo pampu.

Jana nimerudisha nyaya, stata mara moja tu, injini ikaunguruma.